Kwetu Nimeshazikwa

Musoma,
3 Machi 2025

Bibi yangu Nyamburi,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango, na Grace awe nje. Ukimaliza kusoma, karatasi hii iingie motoni chini ya sufuria. Usiifiche hata ndani ya Biblia. Ikijulikana kwamba nimekuandikia haya nitafukuzwa, maana mambo ya wateja wa wakili hayatoki ofisini, na kazi hii ya ukarani niliipata baada ya miaka miwili ya kulala sebuleni kwa watu na cheti changu cha chuo kwenye begi. Sikupiga simu kwa sababu simu yako anaishika Grace. Grace ni mtoto mzuri, lakini ni binti wa Baba mkubwa Boniphace, na Baba mkubwa ndiye aliyetupeleka kwenye baraza la ardhi. Barua nimempa Mama Adventina anayeleta dagaa mnadani huko Butiama. Hajui kilichomo.

Wiki iliyopita ofisini ilifika barua pepe kutoka Shelisheli, visiwa vya baharini ambavyo zamani vilikuwa vya Waingereza kama sisi tulivyokuwa chini yao. Aliyeandika ni mwanamke anaitwa Marie-Ange Casimir. Anwani yetu aliiona mtandaoni. Anatafuta ndugu za babu yake, aliyetoka Musoma mwaka 1956 kwenda huko kuwa askari mlinzi. Anasema Waingereza walikitumia kisiwa chao kuwaweka watu waliowasumbua katika makoloni mengine, watu wazito, ili makwao wasahaulike. Babu yake alilinda watu hao. Kazi ilipoisha wenzake walipanda meli, yeye akabaki. Akaoa, akazaa, akafa mwaka 2003. Jina lake Kasmiri Wambura.

Nilijiambia majina hufanana. Lakini akaongeza maneno haya, nakutafsiria kama yalivyo: "Kila tulipomuuliza kwa nini haendi kutembelea kwao, alicheka akasema, kwetu nimeshazikwa. Tulidhani ni utani. Sasa nimekuwa mtu mzima na sidhani tena. Naomba kujua kama kaburi hilo lipo."

Bibi, lipo. Mimi mwenyewe nalifagia kila Krismasi.

Hapa ndipo penye hofu yangu. Babu Kasmiri alipokuwa kimya miaka kumi, ukoo ulifunga shina la mgomba kwenye shuka yake, ukalizika kwa jina lake, ili Bibi Gaudensia mkewe, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume, aweze kukuoa wewe kimila, mwanamke kwa mwanamke, umzalie marehemu. Ndivyo alivyopatikana baba yangu Felisiani. Ndivyo nilivyopatikana mimi. Baba mkubwa anasema barazani kwamba sisi si damu ya Kasmiri, na kwamba shamba na mji wako ni vya upande wa baba yake, mdogo wake Kasmiri. Mpaka leo wazee wanamjibu kwamba damu haiulizwi, mtu alikufa, akazikwa, nyumba yake ikaendelezwa. Lakini kama Kasmiri alikuwa hai siku unaolewa? Nani amewahi kuolewa kwa jina la marehemu ambaye anakula na kulala? Kaburi litakuwa la uongo na ndoa ya uongo, na wewe katika umri wako utatolewa kwenye nyumba uliyoikandika kwa mikono yako.

Wakili amenipa mimi kazi ya kuitafuta hiyo familia. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Hilda Felisiani

*

Butiama,
9 Machi 2025

Hilda, mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako imenuka dagaa mpaka paka amenifuata jikoni. Nimeichoma kama ulivyosema. Paka amehuzunika.

Mwandiko wangu uvumilie. Kwenye darasa la watu wazima mwalimu alikuwaga ananiambia naandika kama kuku anayetafuta mchwa, lakini wale aliowasifu leo hawawezi kusoma hata jina la duka.

Umeandika maneno mengi ya hofu, na hujaniambia kitu kimoja. Huyo mwanamke amesema anataka shamba? Nimetafuta kwenye barua yote, sikuona. Ameuliza kaburi. Wewe umesikia shamba kwa sababu shamba ndilo liko kichwani mwako.

Mimi habari za Kasmiri sizijui. Nililetwa hapa nikakuta kaburi limeshaota majani. Fanya kazi yako ya ofisi, usiniingize, na Boniphace usimwambie. Mvua imeanza kidogo, mtama tumepanda, Grace anasaidia vizuri ila anachekacheka na simu.

Ni mimi Bibi yako,
Nyamburi

Halafu, huyo babu yake alikuwa na kovu hapa chini ya kidevu? Nauliza tu.

*

Musoma,
21 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo. Uliniambia nifanye kazi yangu, nami nimefanya kinyume chake. Nilimwandikia yule mwanamke kwamba tumeulizia kata zote na familia ya jina hilo haikupatikana. Wakili alitia saini huku anaongea na simu, hakusoma. Nilirudi mezani kwangu nikanywa maji. Nilijiambia nimeokoa nyumba yako.

Jana amejibu. Sikutegemea ajibu. Nakutafsiria yote, sitaki kubeba hili peke yangu.

"Ndugu Karani, asante kwa kuhangaika. Najua ni kazi ngumu, maana hata sisi huku tumeshindwa kupajua kwetu. Nikueleze kidogo ili usidhani nilikusumbua bure. Nilizaliwa kwenye kilima ambacho karibu kila familia ilitokana na watu waliokuwa kwenye majahazi ya watumwa. Waingereza waliyakamata majahazi, wakawashusha watu hapa, wakawaambia mko huru, wakawagawa kwenye mashamba ya minazi. Hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Bibi yangu alijua tu kwamba mama wa mama yake alikuwa anatoka 'bara'. Bara lote hilo, ndugu Karani.

"Babu ndiye mtu pekee kilimani aliyejua jina la kwao. Jioni majirani walikuwa wanakuja barazani kwake awasimulie mvua ya huko inaanzaje, ng'ombe anaitwaje, mtu akifika mlangoni anasema nini. Walimsikiliza kana kwamba anawasimulia na wao kwao. Shuleni sisi tulichapwa tukiongea Kikrioli, ilikuwa Kiingereza tu, lakini jioni Babu alitufundisha mchezo wa kuruka kamba kwa maneno haya: Mugeta, Bugwema, Murangi, ruka! Mpaka leo sijui maana yake. Watoto wangu pia wanarukia hayo hayo.

"Nakuomba jambo moja la mwisho. Kila usiku kabla ya kulala Babu alituombea kwa majina, kuanzia mkubwa. Wa kwanza kutajwa alikuwa mtu tusiyemjua, anaitwa Felisiani. Tukiuliza alisema, huyo ndiye mwanangu mkubwa, yuko kwetu. Baada ya hapo ndipo anamtaja baba yangu. Sisi tunaendelea kumwombea hadi leo. Ikitokea siku ukamsikia Felisiani popote, tafadhali mwambie."

Bibi, baba yangu alikufa nikiwa darasa la nne, nikidhani hakuna mtu duniani anayemwombea ila mimi na wewe.

Mugeta nimepita, Bugwema nimepita, Murangi nimekula samaki. Yeye anaruka kamba na majina hayo bila kujua kuwa ni mahali. Nami, niliyevishwa kibao shingoni sekondari kwa kuongea Kiswahili, nimetumia Kiingereza changu kizuri kumwambia hana kwao.

Sasa nakuuliza kwa heshima zote. Ameleta na picha. Kovu lipo, chini ya kidevu, upande wa kushoto. Wewe uliletwa ukakuta kaburi limeota majani. Kidevu ulikionea wapi? Na mtu aliyeondoka mwaka 1956 alimjuaje baba yangu aliyezaliwa 1970?

Hilda

*

Butiama,
30 Machi 2025

Hilda,

Nimekaa na barua yako juma zima. Grace ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia naumwa na uzee.

Nilimuapia Gaudensia, ndiyo maana nilikudanganya. Alikuwa mume wangu kwa mila na mama yangu kwa moyo, na kiapo chake nilikishika hata alipokwisha kufa. Lakini kiapo kilikuwa cha kuficha kwamba Kasmiri yuko hai. Nimefikiri, nikaona kimekwisha tangu 2003, ila hakuna aliyenitangazia.

Ilikuwa mwaka sabini na moja, baba yako bado namnyonyesha. Mwanamke mmoja wa sokoni alimletea Gaudensia habari kwamba Bunda kuna mtu mwenye viatu vyeupe anamuulizia. Gaudensia hakuuliza zaidi. Aliniambia funga mtoto tunakwenda kliniki. Kliniki ya Bunda, wakati ya hapa ilikuwepo!

Tulimkuta hotelini, amekaa kwenye benchi la nje, chai imepoa mbele yake. Gaudensia alisimama mbali kidogo, akamwambia, "Umechelewa, Kasmiri. Nimekuzika."

Akasema, "Nimesikia hapa hapa. Mlinizika na nini?"

"Mgomba."

"Wa ndizi mbivu au wa kupika?"

"Wa kupika."

"Basi mlinidharau," akasema, wakacheka wote wawili, halafu Gaudensia akalia na mimi sikujua nitazame wapi.

Akaniangalia. "Na huyu dada?"

"Huyu ni mke wangu," Gaudensia akamjibu.

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wako."

Alimpa mwenye hoteli kikombe cha chai iliyopoa. Baadaye akanyoosha mikono nikampa mtoto. Felisiani akamkojolea suruali yake nzuri ya kisiwani. Akasema, "Amenitambua." Akauliza jina, akalisema mara nyingi polepole, kama mtu anayelijaribu mdomoni.

Gaudensia alimwambia kondoo yupo. Unajua mila: mtu aliyezikwa akirudi hapiti langoni, maana langoni ndipo alipotolewa. Unakatwa ua nyuma ya nyumba, anapitishwa hapo na kondoo, kaburi linafukuliwa, anahesabiwa tena. Kasmiri akamuuliza, "Na mkilifukua kaburi, huyu mtoto atakuwa wa nani?" Mtoto amezaliwa juu ya kaburi hilo. Likitoka, hana baba, na mimi ni mwanamke niliyezaa nje.

Nakumbuka alivyosema. "Kule nililinda mzee mmoja aliyekatazwa kurudi kwao. Kila asubuhi aliniuliza, askari, upepo leo unatoka upande gani? Nilimhurumia. Sikujua nafundishwa kazi." Akasema na huko ana mke na watoto, na Mwingereza bado yuko. Gaudensia akamwambia hapa kwetu aliondoka siku nyingi. Akasema, "Ninyi mlimuaga, mimi nikabaki nimeshika mlango."

Alimrudisha mtoto mgongoni kwangu kwa mikono yake. "Acheni kaburi liendelee kufanya kazi," akasema. Akatuapisha tusimtaje, na baadaye Gaudensia akaniapisha tena. Tulipogeuka kwenye kona bado alikuwa amekaa, mguu mmoja ameukunja, anakausha suruali.

Kwa hiyo usiniambie nyumba hii ni ya uongo. Mwenyewe aliikuta imesimama, akaipita pembeni isianguke. Na huko alikokwenda akamtaja Felisiani wa kwanza, kila siku, mbele ya watoto wa damu yake. Boniphace atafute ushahidi unaozidi huo.

Sasa Kasmiri amekufa kweli, hakuna haja ya kulifukua kaburi. Nataka aingie. Nimeshamtumia Boniphace ujumbe, na nimeutuma kwa mdomo wa Grace makusudi, ili asikie nyumba nzima. Nimemweleza ya Bunda na ya maombi. Mwenye kushika kamba ya kondoo ni mkubwa wa upande wa ndugu, na huyo ni yeye. Akikataa, amemkataa baba yake mkubwa mwenyewe.

Wewe mwandikie huyo mtoto wa watu. Mwambie ulidanganya. Kiingereza chako kitumie vizuri sasa.

Nyamburi, mke wa Gaudensia

*

Bunda,
6 Aprili 2025

Hilda,

Salamu. Mimi si mwandishi, lakini Grace ameniambia kwenye simu hamtaki habari hii ipite kwenye simu. Sasa yeye kaipitisha wapi? Haya.

Ujumbe wa Mama Nyamburi nimeupata. Kwanza nilikasirika. Mtu amekufa mara mbili, bado sijaambiwa hata moja! Halafu nikakumbuka nikiwa mdogo baba yangu alikataaga kukalia kile kigoda cha mlangoni. Tukimuuliza anasema kina mwenyewe. Sisi tulidhani ni cha mzimu. Inawezekana na yeye alisikia kitu. Sijui. Wakubwa wa ukoo huu wamekufa na midomo imejaa.

Kondoo nitakuja naye mimi. Wa kwenu niliwaona Krismasi, wamekonda, babu wa watu hawezi kupitishwa na mifupa. Usidhani nimelainika. Ya baraza tutayaongea baada ya kondoo, na nitaongea nikiwa nimeshiba.

Huyo mwanamke anakula ugali wa mtama? Uliza mapema.

Baba yako mkubwa,
Boniphace

*

Musoma,
12 Aprili 2025

Dada yangu Marie-Ange,

Barua hii nimeiandika kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu Bibi yangu ametaka kuisoma kabla haijakufikia, akasema mambo haya yakianzia kwenye Kiingereza yatapoa. Tafsiri yake nimeiweka chini. Nakuomba usome ile ya juu pia, hata kama huielewi. Isome kwa sauti. Utakutana na Mugeta, Bugwema na Murangi. Si maneno ya mchezo. Ni mahali, na watu wanaishi.

Nilikudanganya. Familia ipo. Kaburi lipo, ndani yake kuna shina la mgomba lililokwisha kuwa udongo zamani. Felisiani ni baba yangu. Alifariki, lakini ujumbe wako nilimpelekea kaburini kwake Jumapili iliyopita, nikamwambia kwamba watu wa ng'ambo ya bahari wanamtaja kila usiku kabla ya watoto wao wenyewe. Nilikudanganya kwa kuogopa kwamba wewe uliye damu yake ungeifanya nyumba yetu isiwe nyumba. Bado naogopa. Wakili nimemwambia niliyoyafanya. Hajanifukuza, ila hajanisalimia pia.

Umeuliza alimaanisha nini aliposema ameshazikwa. Alimaanisha hivyo hivyo. Alifika hadi Bunda akarudi, ili baba yangu asipoteze jina. Habari yote atakusimulia Bibi Nyamburi, ambaye ni mke wa mke wa babu yako. Usihangaike na hilo sasa, ukifika utaelewa kwa macho.

Tunakuomba umlete. Usichimbue kaburi lake huko, wale wa kilimani wanamhitaji. Chota udongo wake kiganja kimoja, uufunge kwenye kitambaa cheupe, usiuweke kwenye sanduku, ushike mkononi.

Shuka na ndege Mwanza. Panda basi la Musoma, kaa dirisha la kulia, ziwa utaliona vya kutosha siku nyingine. Basi litasimama Bunda, watu wananunua maji. Shuka na kitambaa chako usimame kidogo. Hapo ndipo alipogeukia. Kisha panda tena.

Shuka Makutano. Nitakuwepo nimevaa gauni la kijani, na kama wakili atakuwa amenikatalia ruhusa nitakuwepo vile vile. Ikitokea tumepishana, chukua gari la Butiama. Usiulize kwa Kasmiri, maana watakuonyesha kaburi. Uliza kwa Nyamburi, mke wa Gaudensia.

Ukifika usiingie langoni, hata tukikuita, hata watoto wakikukimbilia. Zunguka kulia, ufuate ua wa minyaa mpaka nyuma ya nyumba. Hapo utakuta tumekata uwazi mpya, na mwanaume mnene amesimama na kondoo, anajifanya amenuna. Huyo ni Baba mkubwa Boniphace. Simama karibu naye. Bibi atakuwa upande wa ndani, hutamwona, atauliza, "Nani huyo?"

Usijibu jina lako. Sema la babu yako, useme na neno hili, nimekuandikia herufi kwa herufi ili ujizoeze njiani: *Nimerudi.*

Tutakusikia.

Ndugu yako,
Hilda, binti wa Felisiani Kasmiri